Seli zangu zinakufa nikiziangalia tu: ni dawa ya mmea, ni rangi, au ni taa ya hadubini?

BintiKorogwe · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Habari za usiku wanajamvi. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, Dar. Kazi yangu ni kupima majani ya mti fulani (jina nalihifadhi kwanza, msije mkanitangulia) kama yanaua seli za saratani. Nimeyakausha kivulini, nimesaga, nimeloweka kwenye ethanoli, nimechuja, nimekausha tena. Nimepata kitu cha kijani kilichokolea, kinanata kama lami.

Shida: vipimo viwili vinanipa majibu yanayogombana.

Cha kwanza ni MTT, ile ya njano ambayo seli hai zinaigeuza zambarau. Naweka seli na dawa ndani ya inkubeta saa 24, natoa, nasoma. Hakuna kitu. Zambarau ni ileile, zenye dawa na zisizo na dawa.

Cha pili ni hadubini. Natia TMRM, ile rangi inayojikusanya kwenye mitokondria (vile vinu vya nishati vya seli) na kung'aa nyekundu, halafu napiga picha kila sekunde mbili. Hapa dawa inafanya maajabu. Dakika ya kwanza mitokondria ni nyuzi ndefu, zimetulia. Dakika ya tatu zimekatikakatika, nyingine zimejikunja kama pete. Dakika ya tano zinazima moja baada ya nyingine na rangi inamwagika seli nzima.

Nilimwonyesha msimamizi wangu video, akafurahi, akasema andika. Nimeanza kuandika na usingizi umekata. Kama dawa inavunja mitokondria kwa dakika tano, seli zilizokaa nayo saa 24 zimesalimikaje?

KataKona · saa 3:22 usiku

Dawa yako inaogopa giza dada. Ifukizie ubani.

Kijiti · saa 3:25 usiku

Naweka kambi hapa nisubiri wenye nondo.

Mzee wa Pipeti · saa 3:58 usiku

Binti, nimefanya kazi maabara miaka 31 na nimestaafu, kwa hiyo nitauliza swali la kizee. Zile seli zisizo na dawa, ulizipiga picha kwa muda uleule, kwa mwanga uleule, kila sekunde mbili kwa dakika tano? Au ulipiga moja ukaenda zako?

BintiKorogwe · saa 4:05 usiku

Shikamoo mzee. Nilipiga moja.

Mzee wa Pipeti · saa 4:07 usiku

Marahaba. Basi video yako haijasema lolote kuhusu dawa. Rudi kesho, weka seli tupu, TMRM peke yake, taa ileile, na usiondoke mpaka uone mwisho wake. Halafu urudi hapa. Na huyo KataKona msimcheke, ametania lakini amegonga penyewe. Ndani ya inkubeta kuna giza. Chini ya hadubini kuna nini?

BintiKorogwe · Jumatano, saa 1:40 usiku

Nimerudi. Seli tupu nazo zimevunjika. Picha ni zilezile: nyuzi, vipande, pete, giza. Tofauti ni muda tu. Zenye dawa dakika tano, zisizo na dawa zilifika kama dakika kumi na mbili.

Nimekaa kwenye ngazi za jengo nikanywa soda nzima bila kuongea na mtu.

Kemia_ni_Maisha · Jumatano, saa 2:15 usiku

Pole. Lakini umepata kitu kizuri kuliko unavyodhani. Nieleze taratibu maana wengi humu wanatumia rangi hizi kama vile ni wino.

TMRM ina chaji chanya. Ndani ya mitokondria ni hasi: kati ya pande mbili za utando wake wa ndani kuna tofauti ya milivolti 150 hadi 180. Kwa rangi ya namna hii, kila milivolti 60 zinaongeza msongamano mara kumi. Milivolti 180 ni mara 1000. Utando wa nje wa seli nao una milivolti zake kama 60, hiyo ni mara kumi nyingine. Kwa hiyo ukitia nanomola 100 kwenye maji ya seli ukaona umebana matumizi, ndani ya mitokondria umejaza karibu milimola moja. Hiyo ni shehena.

Sasa washa taa. Rangi ikimeza mwanga, elektroni yake inapanda juu. Mara nyingi inashuka ndani ya nanosekunde chache na kutoa ule wekundu unaoupiga picha. Mara mojamoja inakosea njia, inaingia kwenye hali inayoitwa tripleti, na kutoka huko si rahisi, kwa hiyo molekuli inakaa na nishati yake muda mrefu kwa kipimo cha molekuli, maikrosekunde na kuendelea. Katika muda huo oksijeni inapita. Oksijeni tunayovuta ni tripleti kwa asili yake, ni jambo la ajabu kidogo, molekuli chache sana ziko hivyo. Ndiyo maana hizi mbili zinaweza kubadilishana: rangi inashuka, oksijeni inapanda, inakuwa oksijeni ya singleti, yaani oksijeni iliyopandishwa nishati. Kuipandisha kunahitaji kilojuli 94 tu kwa moli. Hata mwanga mwekundu unazo na chenji inabaki.

Hiyo vitabu vinaiita njia ya aina ya pili. Aina ya kwanza ni rangi kumpokonya jirani elektroni na kuitupia oksijeni. Hapo inazaliwa superoksidi, kisha haidrojeni peroksidi, na ikikutana na chuma kilicholegea, radikali ya haidroksili, ambayo haichagui cha kuchoma. Zote hizi kwa pamoja mimi naziita oksijeni korofi.

TMRM si hodari wa kutengeneza singleti, na ndiyo maana inauzwa kama rangi ya kutazamia. Lakini milimola moja, chini ya leza, picha kila sekunde mbili? Uhodari hauhitajiki.

Mzee wa Pipeti · saa 2:31 usiku

Kikulacho ki nguoni mwako.

Kijiti · saa 2:40 usiku

Swali la mshamba. Hiyo singleti si inasambaa seli nzima? Kwa nini wa kwanza kuumia awe mitokondria?

Kemia_ni_Maisha · saa 2:52 usiku

Swali zuri, na jibu lake ndilo moyo wa mambo. Haisambai. Kwenye maji matupu inaishi maikrosekunde tatu hadi nne. Ndani ya seli, penye protini na mafuta kila upande, inakufa mapema zaidi. Umbali inaotembea ni makumi ya nanomita, tuseme mia kwa wingi. Mitokondria moja ina upana wa nanomita 500 au zaidi. Yaani ikizaliwa kwenye mitokondria haivuki hata upande wa pili. Anayeungua ni jirani wa ukuta mmoja.

Na majirani pale ni nani? Wa kwanza ni kadiolipini, mafuta ya utando wa ndani yenye mikia minne, na mikia hiyo imejaa vifungo maradufu ambavyo singleti inavipenda. Kadiolipini ndiyo inayoishika protini iitwayo saitokromu c pale ukutani. Ikioksidika, mshiko unalegea. Ukuta wa nje ukitoboka, saitokromu c inatoka kwenda kwenye majimaji ya seli, na huko inawasha kaspesi, zile protini za kuisambaratisha seli kwa utaratibu. Wengine wanaopigwa ni protini za mlango mkubwa wa utando, zenye asidi amino za histidini na sisteini zilizojianika. Mlango ukifunguka, chaji yote inaanguka kwa mpigo. Ile "kuzima moja baada ya nyingine" uliyoiona ndiyo hiyo, na kwa kuwa rangi ilishikwa na chaji, chaji ikienda rangi inamwagika.

Hata kupokezana kwake si bahati mbaya. Mwaka 2000, Dmitry Zorov, Steven Sollott na wenzao walifanya makusudi hichohicho ulichofanya kwa bahati mbaya: seli za moyo wa panya, TMRM, leza. Mitokondria zilivumilia mpaka kiwango fulani, kisha mlango ukafunguka na mitokondria zenyewe zikatema oksijeni korofi kwa mkupuo. Moto ulianza kwenye rangi, lakini baadaye nyumba ikawaka kwa kuni zake yenyewe.

Mpemba wa Munich · saa 4:20 usiku

Salaam aleikum jamani. Nimeona uzi huu nikacheka, maana naishi katika mji ambao kisa hiki kilianzia.

Majira ya baridi ya 1897 kuingia 1898, hapa Munich, kijana wa udaktari Oscar Raab alipewa kazi na mwalimu wake Hermann von Tappeiner: apime sumu ya rangi ya akridini kwa paramesi, wale wadudu wa maji wa seli moja. Kazi ya kuchosha. Tia rangi, hesabu muda mpaka wafe, andika. Majibu yakawa hayaelewani. Kipimo kilekile, siku moja wanakufa haraka, siku nyingine wanaogelea kama hawajaambiwa kitu. Mwisho akagundua kuwa kinachobadilika ni mwanga wa chumbani. Inasimuliwa kuwa siku moja ya majibu ya ajabu kulikuwa na radi na mawingu mazito. Akridini gizani haikuwaua. Mwanga peke yake haukuwaua. Viwili pamoja viliua.

Alichapisha 1900. Kufikia 1904 von Tappeiner na Jodlbauer walikwishaonyesha kuwa bila oksijeni kitu hakiendi, wakakipa jina, utendaji wa fotodinamiki. Na 1903 von Tappeiner na daktari wa ngozi Jesionek walikwishapaka rangi ya eosini kwenye uvimbe wa saratani ya ngozi na kuwaanika wagonjwa kwenye mwanga.

Mwendawazimu wao, kwangu mimi, ni Friedrich Meyer-Betz. Mwaka 1912 alijichoma sindano ya miligramu 200 za hematoporfirini, rangi inayopatikana kwa kuondoa chuma kwenye rangi ya damu, kisha akatoka juani. Uso na mikono ilivimba vibaya, na jua likabaki adui yake kwa wiki nyingi. Picha zake zipo, anaonekana kama mtu aliyevamiwa na nyuki.

BintiKorogwe, Raab naye alidhani vipimo vyake vimeharibika. Umo katika ukoo mzuri.

KataKona · Alhamisi, saa 12:15 asubuhi

Sasa si utie vitamini C tu? Antioksidanti. Mchezo umeisha.

Kemia_ni_Maisha · saa 1:05 asubuhi

Angalia usije ukachochea. Vitamini C kwenye maji ya kuoteshea seli, penye chembe za shaba na chuma, inatengeneza haidrojeni peroksidi yenyewe. Na kuna mfano mkubwa zaidi: GV. Ndiyo, hiyohiyo zambarau ya bibi kwenye kinywa cha mtoto. Amerika ya Kusini walikuwa wanatia GV kwenye chupa za damu ya kuongezewa wagonjwa, kuua kimelea cha ugonjwa wa Chagas, na iliachwa saa 24 ifanye kazi. Watafiti wakaona kuwa ukiiongezea vitamini C na kuimulika, muda unapungua sana. Vitamini C iliipa rangi elektroni, rangi ikaipa oksijeni. Ikawa mafuta ya taa badala ya maji. Na kimelea hicho kina mitokondria moja tu, kubwa. GV nayo ina chaji chanya. Unaona inaelekea wapi.

NesiTulivu · saa 1:20 asubuhi

Kwa hiyo GV tunayowapaka watoto ni hatari?

Kemia_ni_Maisha · saa 1:34 asubuhi

Hoja yangu hapo ilikuwa kimelea kwenye chupa, dada. GV ina maswali yake mengine na baadhi ya nchi zimeibana, lakini hayo tuyafungulie uzi wake, huu utapotea.

BintiKorogwe · saa 2:10 asubuhi

Nimeelewa habari ya TMRM. Lakini bado kuna dakika saba. Bila dawa kumi na mbili, pamoja na dawa tano. Nimerudia mara tatu leo alfajiri kabla ya watu hawajaja. Kwa hiyo dawa inafanya kitu. Ila inakifanya kwenye mwanga tu?

Daktari wa Ng'ombe · saa 4:45 asubuhi

Habari zenu kutoka huku Nakuru. Mimi ni daktari wa mifugo, hadubini niliiacha chuoni, lakini nimesoma "kijani kinachonata" nikaacha chai.

Dada, nikuambie ninachokiona shambani. Mkulima ana Friesian, madoa meusi na meupe. Kiangazi nyasi zimeisha, ng'ombe amekula kichaka cha lantana. Baada ya siku kadhaa ananiita: ngozi ya ng'ombe inabambuka. Nikifika, meupe yote yamevimba, yanachuruzika, yamekauka kama ganda, lakini meusi ni mazima kabisa. Mpaka unafuata doa kwa doa. Chuchu, pua, kuzunguka macho, kote kumeungua. Mkulima anaapa jirani amemwagia maji moto.

Kumbe lantana imeharibu ini. Ng'ombe mzima akila majani, bakteria wa tumboni wanageuza klorofili kuwa kitu kinaitwa filoerithrini, kinaingia kwenye damu, ini linakikamata na kukitoa kwa nyongo. Nyongo ikiziba kinabaki kwenye damu, kinafika kwenye ngozi, jua linakimulika. Mengine Kemia ameshayasema: oksijeni, ngozi inaungua kutoka ndani. Meusi yana kinga ya melanini. Dawa ya kwanza huwa si sindano, ni kivuli.

Sasa swali: dawa yako ya kijani, ukijani wake ni nini?

Mzee wa Pipeti · saa 4:51 asubuhi

Lo.

Kemia_ni_Maisha · saa 5:02 asubuhi

Daktari, nakuvulia kofia.

BintiKorogwe, ethanoli inakomba klorofili yote ya jani. Na wewe hukuiacha ikiwa klorofili. Katika kukausha na kusaga, jani lina asidi zake na vimeng'enya vyake. Asidi inatoa magnesiamu iliyoko katikati, kimeng'enya kinakata mkia mrefu wa fitoli. Kinachobaki ni feoforbaidi. Hiyo si rangi dhaifu kama TMRM. Inatengeneza singleti kwa wingi, inamezwa na utando kwa urahisi, na mitokondria ni mojawapo ya makao yake. Watu wanaitengeneza makusudi kama dawa ya kuamshwa kwa mwanga.

Wajapani waliionja 1977: watu walikula vidonge vya mwani wa klorela, wakatoka juani, wakaungua nyuso na mikono. Mhalifu alikuwa feoforbaidi. Huko kaskazini mwa Japani husemwa pia kwamba paka akila matumbo ya konokono fulani wa baharini majira ya kuchipua, masikio yake yanakatika. Konokono amekula mwani, paka ana masikio membamba yasiyo na manyoya mengi, jua linamalizia.

Kijiti · saa 5:10 asubuhi

Ina maana kisamvu na matembele...?

Daktari wa Ng'ombe · saa 5:16 asubuhi

Kula bwana. Klorofili nzima na mkia wake haiingii mwilini kirahisi, na inayogeuka ikapenya ini lako linaisafisha. Tatizo ni ini lililokufa au kula kitu kilichokolezwa kama vile vidonge.

Kemia_ni_Maisha · saa 5:30 asubuhi

BintiKorogwe, kabla hujatumia senti. Tafuta wakala wa pesa za simu, mwombe ile taa yake ya zambarau ya kukagulia noti. Zima taa za chumba, mulika chupa ya dawa iliyochanganywa na ethanoli. Klorofili na watoto wake wanang'aa nyekundu.

BintiKorogwe · saa 1:15 usiku

Mama wa M-Pesa hapa nje ya geti alidhani nimetengeneza noti bandia.

Imewaka. Kioevu cha kijani kimekuwa chekundu kama damu ya mzee. Mama mwenyewe alishtuka, akaniuliza kama ni uganga.

KataKona · saa 1:17 usiku

Nilisema ubani mkapuuza.

Mzee wa Pipeti · saa 1:50 usiku

Sasa fanya jaribio la Raab, la watu wazima. Sahani nne za MTT. Mbili zina dawa, mbili hazina. Katika kila jozi moja ifungwe karatasi ya fedha ya jikoni tangu unapotia dawa mpaka unasoma, nyingine iwekwe chini ya taa nyeupe ya LED kwa muda maalumu, kisha zote zirudi inkubeta. TMRM usiitie kabisa, tunataka kesi ya dawa peke yake. Zote nne zitoke nje kwa muda uleule, hata za karatasi, ili baridi na hewa visiwe kisingizio. Weka kipimajoto pembeni, na beseni la kioo lenye maji kati ya taa na sahani, tusije tukaambiwa zimekufa kwa joto.

Na maji ya kuoteshea yabadilishe kabla ya kumulika. Yale mekundu ya kawaida yana riboflavini (vitamini B2), na riboflavini ikipigwa mwanga inazalisha haidrojeni peroksidi. Mwaka fulani tulipoteza seli za mwezi mzima. Chupa ilikaa mezani dirishani wikendi, tukamlaumu mfagizi.

Mpemba wa Munich · saa 2:20 usiku

Kama unataka kujua ni singleti au ni superoksidi, kuna njia mbili vitabuni. Ya kwanza ni maji mazito, yale ya deuteri: singleti inaishi humo karibu mara ishirini zaidi, kwa hiyo kama ni yenyewe, maafa yanaongezeka. Ya pili ni sodiamu azidi, inayoizima. Hiyo ya pili usiguse. Azidi inabana mnyororo wa kupumua wa mitokondria palepale kwenye mwisho wake, utakuwa umeua unachokipima. Nilikula wiki tatu kwa kosa hilo. Histidini ni mpole zaidi.

NesiTulivu · saa 2:45 usiku

Samahani nawatoa kidogo nje. Mnaposema watu wanafanya hivi makusudi, ni tiba kweli au maabara tu?

Mpemba wa Munich · saa 3:05 usiku

Tiba kamili. Kanada walipitisha Photofrin, dawa ya kuamshwa kwa mwanga, mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu. Lakini ninayoipenda ni ile ya kupaka asidi ya aminolevuliniki, ilianza kuvuma mwaka 1990 na kazi ya Kennedy na Pottier, Marekani ikaipitisha 1999 kwa madoa ya ngozi yanayoelekea kuwa saratani kutokana na jua. Dawa yenyewe si rangi. Ni malighafi ya kutengenezea himu, ile rangi ya damu. Seli inaipokea, inaipitisha hatua kwa hatua, na hatua za mwisho ziko ndani ya mitokondria: inazaliwa protoporfirini, inasubiri kutiwa chuma. Seli ya uvimbe mara nyingi inachelewa kutia chuma, kwa hiyo protoporfirini inarundikana. Daktari anawasha taa. Seli imejitengenezea rangi yake, mahali pabaya kuliko pote.

NesiTulivu · saa 3:18 usiku

Nauliza kwa sababu nina mdogo wangu ana ualbino, na hayo madoa anayo mikononi.

Mpemba wa Munich · saa 3:40 usiku

Nilihisi. Dada, kwa utaratibu wa mwili ingefaa, lakini inauma sana wakati wa taa, na baada yake mtu anakaa ndani mbali na jua mpaka rangi iishe mwilini. Kwa asiye na melanini hilo si jambo dogo. Nijuavyo, nyumbani kliniki za ngozi huyagandisha madoa hayo kwa naitrojeni ya maji, au huyakata, na kazi hiyo inafanyika vizuri. Mpeleke mapema, madogo ndiyo yanayoondoka kirahisi. Hospitali ya KCMC Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi wanatengeneza na krimu ya jua, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kofia pana na mikono mirefu hata siku za mawingu.

NesiTulivu · saa 3:44 usiku

Ahsante kaka. Nitampeleka.

BintiKorogwe · Jumatano iliyofuata, saa 2:30 usiku

Matokeo, wanajamvi. Nimerudia mara tatu, siku tatu tofauti.

Giza bila dawa: hai. Giza na dawa: hai. Mwanga bila dawa: hai. Mwanga na dawa: sahani imebaki ya njano. Hata zambarau ya kubabaisha hakuna. Kipimajoto hakikupanda hata nyuzi moja.

Kisha nikapitisha dawa kwenye mkaa wa maabara ili kutoa ukijani. Kilichotoka ni cha rangi ya chai ya rangi, na kwenye taa ya noti hakiwaki. Nikarudia mwanga. Seli hai. Najua mkaa unaweza kuwa umenyonya na vitu vingine, msinirukie, nimepanga kutenganisha vizuri na kurudishia feoforbaidi safi nione kama mauaji yanarudi.

Hadubini nayo nimeitendea haki. TMRM nimeshusha hadi nanomola 20, leza nimeipunguza mpaka picha ina chengachenga, picha moja kila nusu dakika. Seli tupu sasa zinakaa saa nzima na nyuzi zake ndefu. Zinatembea! Zinaungana, zinaachana. Sikuwahi kuziona zikifanya hivyo kwa sababu nilikuwa naziua kabla.

Msimamizi nilimwonyesha jana. Alinyamaza muda mrefu, akachukua ile taa ya noti, akaanza kumulika dondoo za mimea ya wenzangu wote kwenye friji. Nyingi ziliwaka. Mmoja wao anatetea tasnifu yake wiki ijayo, sijui niseme nini.

Mzee wa Pipeti · saa 2:41 usiku

Mwambie usiku huu, na umpelekee karatasi ya fedha.

Kemia_ni_Maisha · saa 2:50 usiku

Hongera. Kazi yako imebadilika jina tu. Andika kipimo cha taa kwa majuli kwa kila sentimita ya mraba, si "taa ya mezani saa moja", la sivyo hakuna atakayeweza kurudia.

Daktari wa Ng'ombe · saa 3:15 usiku

Kazi safi dada. Sasa niambie, jina la mti sitaki, lakini hayo majani mbuzi wanakula?

BintiKorogwe · saa 3:20 usiku

Wanakula sana. Nyumbani tunawafunga chini yake.

Daktari wa Ng'ombe · saa 3:22 usiku

Kuna wenye masikio meupe?

BintiKorogwe · saa 3:31 usiku

Wawili. Sijawahi kuwaangalia masikio, Daktari. Jumamosi napanda basi la Korogwe, nitawaangalia.

Daktari wa Ng'ombe · saa 3:33 usiku

Kama maini yao ni mazima hutaona kitu. Ukikuta ncha zimekauka na kujikunja, wahamishie kivulini kwanza, kisha urudi hapa.